Sikio Linapoisikiliza Kelele

Mwaka 1984 watafiti watatu, Joseph Hall, Mark Haggard na Mariano Fernandes, walichapisha katika jarida la Chama cha Akustika cha Marekani matokeo ambayo, kwa kanuni zilizofundishwa wakati huo, yasingewezekana. Walimpa msikilizaji mlio mmoja safi wa hezi 1000, wakaufunika kwa kelele, halafu wakaipanua kelele ile hatua kwa hatua, kwa kuongeza sauti za juu zaidi na za chini zaidi ya mlio wenyewe. Jumla ya nguvu ya kelele ilipanda kila hatua. Kuanzia upana fulani, msikilizaji, badala ya kuupoteza mlio, akazidi kuusikia.

Sharti lilikuwa moja: kelele ile ipande na kushuka kwa pamoja, yaani sehemu zake za chini, za kati na za juu zinyanyuke na kutulia kwa wakati mmoja. Kelele ya kawaida, ambayo kila sehemu yake hupanda na kushuka kivyake, haikuleta nafuu yoyote.

Wengi wetu tunaichukulia kelele kuwa kitu cha kuondolewa tu. Tukizungumzia sikio zuri, tunafikiria sikio linalojua kuitupa kelele nje. Jaribio hili linaonyesha jambo jingine kabisa. Mfumo wetu wa kusikia unaichunguza kelele, unaujua mwendo wake, kisha unautumia mwendo huohuo kukitambua kitu ambacho si sehemu ya kelele. Uwezo huo ndio unaotuwezesha kuelewana sokoni, kwenye daladala na kwenye arusi. Na ndio ambao kipimo cha kawaida cha usikivu, kile cha kukaa kimya ndani ya chumba na kubonyeza kitufe, hakiugusi hata kidogo.

Ili kuona ni kwa nini matokeo yale yaliwashangaza wataalamu, turudi nyuma hadi kwenye biashara ya simu. Harvey Fletcher, mwanafizikia wa Marekani, alifanya kazi katika maabara za Bell, ambazo zilikuwa mikononi mwa kampuni ya simu. Swali lao lilikuwa la fedha: sauti ya mtu inaweza kupunguzwa kiasi gani kwenye waya na bado ikaeleweka? Ili kulijibu, ilibidi wajue sikio lenyewe linatumia nini na linaacha nini. Mwaka 1940 Fletcher alieleza jaribio rahisi mno. Weka mlio safi katikati ya kelele nyembamba. Ipanue kelele kidogo kidogo, na kila mara tafuta kiwango cha chini kabisa ambacho mlio bado unasikika, kile tunachokiita kizingiti. Mwanzoni, kila unapoipanua kelele, kizingiti nacho hupanda. Halafu unafika upana fulani ambapo upanuzi hauna athari tena. Hata ukiongeza kelele maradufu, mlio unasikika palepale.

Hitimisho lake lilikuwa kwamba sikio lina safu ya vichujio. Kila kichujio hupokea ukanda mdogo wa frikwensi, na unapousikiliza mlio, unasikiliza kupitia kichujio kimoja tu; kelele iliyo nje ya ukanda huo haikuhusu. Vipimo vya baadaye vya Brian Glasberg na Brian Moore wa Cambridge, vilivyochapishwa mwaka 1990, vinaonyesha kwamba kwa mlio wa hezi 1000 kichujio hicho kina upana wa takriban hezi 130.

Vichujio hivi si dhana ya kwenye karatasi. Ndani ya sikio kuna koklea, mrija uliojiviringisha wenye maji ndani yake, na humo umetandazwa utando wenye urefu wa takriban milimita 35. Georg von Békésy, Mhungaria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kazi hiyo, alionyesha kwamba sauti husafiri juu ya utando huo kama wimbi: sauti za juu hufikia kilele karibu na mwanzo wake, za chini karibu na mwisho. Seli za ndani zenye vinyweleo, kiasi cha 3,500 hivi katika sikio moja, husoma mtikisiko wa kila mahali na kuupeleka kwenye neva ya kusikia, yenye nyuzi zipatazo 30,000. Seli za nje, ambazo ni takriban 12,000, zina kazi nyingine: hutetema zenyewe na kuukuza mtikisiko ulio dhaifu, na hivyo kuvifanya vichujio viwe vyembamba na vikali. Seli hizo za nje nitazirudia, kwa sababu ndizo za kwanza kufa.

Kutokana na Fletcher ikazaliwa kanuni iliyotawala kwa zaidi ya miaka arobaini. Kitafute kichujio chenye mlio, pima wastani wa nguvu ya kelele iliyoingia humo, linganisha na nguvu ya mlio. Utajua kama utasikika. Kwa kelele iliyotulia, kama ya feni, ya maji ya bomba au ya mvua kubwa isiyobadilika juu ya bati, kanuni hii inafanya kazi vizuri sana. Inabashiri kizingiti kwa usahihi ambao fani nyingi za saikolojia hazijawahi kuufikia, na sioni sababu ya kuibeza.

Lakini imebeba mambo mawili ambayo kwa muda mrefu hayakuhojiwa. La kwanza ni kwamba msikilizaji hutumia kichujio kimoja. La pili ni kwamba anachopima ni wastani.

Wastani ndio ulioficha mengi. Kelele nyembamba, hata ukiitengeneza kwa bahati nasibu tupu, haitulii. Inakupwa na kujaa. Hesabu ya kelele ya aina hii inajulikana: idadi ya vilele kwa sekunde ni takriban 0.64 ya upana wake wa hezi. Kelele yenye upana wa hezi 25 hupanda kileleni kama mara 16 kila sekunde, na katikati ya vilele hivyo kuna vipindi ambamo karibu haipo. Mlio uliofunikwa wakati wa kujaa huwa wazi wakati wa kupwa. Ukichukua wastani tu, unachanganya nyakati ambazo hakuna kinachosikika na nyakati ambazo kila kitu kinasikika, halafu unatoa namba isiyoeleza wakati wowote kati ya hizo.

Hall na wenzake waliikamata nukta hii. Walichukua kelele ya kawaida wakaizidisha kwa kelele nyingine ya polepole, ambayo frikwensi zake hazikuvuka hezi 50. Kwa hiyo kelele nzima, toka chini hadi juu, ikawa na mwendo mmoja. Walipoipanua, hadi upana wa hezi 100 hivi mambo yalikwenda kama Fletcher alivyosema. Kuanzia hapo njia zikaachana. Kwa kelele ya kawaida, kizingiti kilibaki palepale. Kwa kelele yenye mwendo mmoja, kizingiti kilianza kushuka, na kikaendelea kushuka kadiri kelele ilivyopanuka. Upana ulipofika hezi 1000, tofauti kati ya kelele hizo mbili ilikuwa takriban desibeli 10. Desibeli 10 maana yake ni kwamba mlio wenye sehemu moja ya kumi ya nguvu ulitosha.

Walifanya na jaribio la pili, ambalo mimi naliona kuwa zuri zaidi. Badala ya kelele moja pana, waliweka ukanda mmoja mwembamba wa kelele juu ya mlio, halafu wakaongeza ukanda mwingine pembeni, mbali na mlio, nje ya kichujio chake. Ukanda wa pembeni ukiwa na mwendo wake wenyewe, haukusaidia kitu. Ukiwa na mwendo uleule wa ukanda uliofunika mlio, mlio ukatokeza. Kelele ya pembeni haina mlio ndani yake, wala haijaondoa chochote kwenye kelele inayofunika. Kinachobadilika ni habari aliyo nayo msikilizaji. Na katika majaribio ya baadaye ukanda wa pembeni uliwekwa kwenye sikio jingine kabisa, mlio na kelele yake vikibaki kwenye sikio la kwanza. Nafuu ilipungua, ila haikutoweka. Kwa hiyo kazi hii haiwezi kumalizikia ndani ya koklea moja. Kuna mahali ambapo taarifa za vichujio mbalimbali, na hata za masikio mawili, zinawekwa pamoja na kulinganishwa.

Zinalinganishwaje? Jifikirie umepewa kichujio kimoja tu ukitazame. Ghafla nguvu iliyomo inapanda. Je, ni mlio uliokuja, au ni kelele imejaa kama kawaida yake? Kwa kichujio kimoja huna njia ya kujua. Sasa tazama na jirani yake. Kama jirani naye amepanda, hiyo ni kelele. Kama jirani ametulia na huyu amepanda, kuna kitu hapa ambacho si kelele. Søren Buus, katika makala yake ya mwaka 1985, alipendekeza kwamba vichujio vya pembeni vinamwambia msikilizaji lini kelele imekupwa, ili aupe uzito wakati huo na kuudharau wakati wa kujaa. Wengine walisema mfumo wa kusikia huutoa mwendo wa jirani kutoka kwenye mwendo wa kichujio chenye mlio, na kinachobaki ndicho mlio. Wengine tena wanasema inatosha kuona kwamba mienendo miwili iliyokuwa sawa haifanani tena, kwa kuwa mlio umejaza mabonde ya mmoja wao. Maelezo haya yanakaribiana kiasi kwamba kuyatenganisha kwa majaribio ni kazi ngumu, na sidhani kama sikio linalazimika kuchagua moja.

Hapa lazima nitoe tahadhari, kwa sababu jambo hili hutiwa chumvi. Si nafuu yote inatokana na kulinganisha vichujio. Kichujio hakina kingo zilizokatwa kwa kisu. Kelele iliyo jirani na mlio huingia humo kidogo, na sauti mbili zikikutana ndani ya kichujio kimoja hupigana na kuzaa mwendo mpya wa kupanda na kushuka. Mlio ukiongezwa, mwendo huo hubadilika, na msikilizaji anaweza kuuona bila kumwangalia jirani yeyote. Schooneveldt na Moore walilisema hili mapema, na mwaka 1999 Jesko Verhey, Torsten Dau na Birger Kollmeier walionyesha kwa modeli yenye kichujio kimoja tu kwamba sehemu kubwa ya matokeo ya kupanua kelele inaweza kuelezwa hivyo. Pale ambapo kanda za pembeni ziko mbali kweli, nafuu inayobaki ni ya desibeli chache. Ni ndogo, lakini ipo, na ndiyo inayotuonyesha kwamba masikio hayafanyi kazi kwa kichujio kimoja kimoja.

Torsten Dau, Stephan Ewert na Andrew Oxenham walichapisha mwaka 2009 jaribio ambalo kwangu ndilo linalofikirisha kuliko yote. Walianza na hali inayojulikana kuleta nafuu: mlio ndani ya ukanda wa kelele, na kanda za pembeni zilizo mbali zikienda mwendo mmoja nao. Halafu, baada ya mlio kwisha, wakaongeza mfululizo wa vipande vya kelele katika frikwensi zilezile za pembeni. Vipande hivyo vilikuja vimechelewa. Havikuweza kuufunika mlio wala kuufunua. Walichofanya ni kuzivuta kanda za pembeni zijiunge nao, zisikike kama sehemu ya mfuatano mwingine, tofauti na sauti iliyouzunguka mlio. Na nafuu ikapotea. Kanda zilipokuwa karibu kiasi cha kugusana ndani ya kichujio kimoja, vipande vile havikuathiri kitu, jambo linalothibitisha kwamba nafuu ni za aina mbili. Lakini ile ya kulinganisha vichujio iliharibiwa na sauti iliyokuja baada ya tukio.

Maana yake ni nzito. Mfumo wa kusikia haulinganishi chochote na chochote. Kwanza unaamua sauti zipi ni za chanzo kimoja, kisha unatumia mwendo wa pamoja wa chanzo hicho. Na uamuzi huo hauko tayari papo hapo. Unaweza kupinduliwa na kinachofuata sehemu ya sekunde baadaye. Mtu husema “nilisikia” kana kwamba tukio lilishakamilika, na kumbe hukumu ilikuwa bado inaandikwa.

Tukiingia kwenye neva, hadithi inaanza mapema kuliko nilivyotarajia. Mwaka 2001 Daniel Pressnitzer na wenzake walirekodi seli katika kituo cha kwanza ambacho neva ya kusikia hufikia kwenye shina la ubongo la simbilisi. Tayari hapo, seli kadhaa ziliitikia mlio vizuri zaidi kelele za pembeni zilipokwenda mwendo mmoja. Maelezo yao ni haya: kuna seli zinazosikiliza ukanda mpana sana wa frikwensi, na kazi yake ni kuzinyamazisha seli nyingine. Kelele ikijaa kila mahali, seli hizo huamka na kuvibana vichujio vyote. Kelele ikipwa, mbano unalegea, na chochote kilichobaki kinapita. Hakuna hekima inayohitajika hapo. Ni mpangilio wa nyaya tu. Miaka miwili kabla, Israel Nelken, Yaron Rotman na Omer Bar Yosef walikuwa wamechapisha katika jarida la Nature walichokiona kwenye gamba la ubongo la paka. Seli za huko hufuata kupanda na kushuka kwa kelele kwa uaminifu mkubwa, kila kelele inapojaa nazo zikiwaka. Ukiongeza mlio, hata ulio dhaifu, seli zinaacha kuifuata kelele. Mlio unatambuliwa kwa kuvunjika kwa ufuasi huo, wala si kwa seli kupiga kelele zaidi.

Utaniuliza, kama kazi inafanyika kwenye kituo cha kwanza kabisa, inakuwaje sauti inayokuja baadaye iiharibu? Maoni yangu ni kwamba shina la ubongo linaandaa ushahidi, na ngazi za juu zinaamua kama ushahidi huo utumike. Njia za neva zinazoshuka kutoka juu kwenda chini zipo kwa wingi katika mfumo wa kusikia, kwa hiyo hakuna kitu cha kimuujiza katika mgawanyo huo wa kazi.

Wala si jambo la binadamu peke yake. Georg Klump na Ulrike Langemann walionyesha mwaka 1995 kwamba kwezi wa Ulaya naye hupata nafuu hiyohiyo. Ndege na binadamu wameachana katika ukoo kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na koklea zao hazifanani. Viumbe walio mbali hivyo wakifika mahali pamoja, ni kwa sababu dunia inayowazunguka inawalazimisha. Sauti za asili hutoka kwenye vyanzo, na chanzo kikipanda, frikwensi zake zote hupanda nacho. Upepo ukivuma kwenye minazi, mchakacho wa chini na wa juu huongezeka pamoja. Mtu akifungua kinywa, kila kilichomo kwenye sauti yake kinaanza pamoja. Akifunga midomo kutamka “p” au “b”, vyote vinakatika pamoja. Nelken na wenzake waliangalia sauti zilizorekodiwa mazingirani wakakuta mwendo huu wa pamoja ni jambo la kawaida. Kelele ya maabara ya Fletcher, isiyo na mwendo wa pamoja, ndiyo iliyo ngeni kwa sikio.

Mlio safi ni chombo cha maabara. Kinachotuuma maishani ni maneno. George Miller na Joseph Licklider walionyesha mwaka 1950 kwamba kelele ikikatwakatwa mara kama kumi kwa sekunde, msikilizaji hupata vipande vya usemi kwenye mapengo na kuviunganisha kuwa maneno kamili. Mwaka 1990 Joost Festen na Reinier Plomp, huko Uholanzi, walipima tofauti hiyo kwa sentensi. Kwa watu wenye usikivu mzuri, kelele iliyokuwa ikipanda na kushuka iliwapa nafuu ya desibeli 4 hadi 6 kuliko kelele iliyotulia, na kama kinachowasumbua ni sauti ya mtu mmoja anayezungumza, nafuu ilifika desibeli 6 hadi 8. Kwa wale wenye upungufu wa wastani unaotokana na koklea, mabadiliko ya kelele hayakuwa na athari ya maana. Kwao kelele yenye mapengo na kelele isiyo na mapengo ilikuwa mzigo uleule.

Sentensi hiyo ya mwisho ningependa kila daktari wa masikio aisome mara mbili. Siwezi kudai kwamba nafuu yote ya sentensi inatokana na ulinganishaji wa vichujio niliouelezea. Grose na Hall walipojaribu mwaka 1992 waliona kwamba kelele zenye mwendo mmoja husaidia zaidi kugundua kwamba usemi upo kuliko kuuelewa. Lakini mahitaji ya msingi ni yaleyale: vichujio vyembamba, uwezo wa kusikia kilicho hafifu wakati kelele imekupwa, na muda mfupi wa kupona baada ya kelele kujaa. Seli za nje za koklea zikifa, kwa uzee, kwa mashine ya kusaga, kwa spika za ukumbini au kwa baadhi ya dawa zinazodhuru masikio, vyote vitatu vinaondoka. Hall na wenzake walipowapima watu wenye koklea zilizoathirika mwaka 1988, waliwakuta na nafuu ndogo kuliko wenzao. Hall na Grose waliona upungufu wa namna hiyo pia kwa watoto waliokuwa na maji kwenye sikio la kati. Hapo ndipo ninapowafikiria watoto wetu wenye masikio yanayotoka usaha mara kwa mara, waliokaa madawati ya nyuma katika darasa lenye wanafunzi wengi na madirisha yaliyo wazi.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, linasema zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana kiwango fulani cha upungufu wa kusikia, na milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Hesabu hizo zinategemea vizingiti vinavyopatikana kwenye ukimya. Katika kipimo cha kawaida unavishwa vipokea sauti, unasikilizishwa milio kuanzia hezi 250 hadi 8000, na matokeo yanachorwa kwenye chati. Chati hiyo ni ya lazima. Bila hiyo huwezi kuchagua tiba wala kifaa. Ila mtu anaweza kuwa na chati nzuri na bado asielewe neno kwenye kikao cha watu kumi. Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha mwaka 2009, kwa panya, kwamba baada ya kelele kali vizingiti vinaweza kurudi vilivyokuwa huku miunganiko kati ya seli zenye vinyweleo na neva ikiwa imepotea hadi karibu nusu katika sehemu ya utando inayopokea sauti za juu. Kwa binadamu ushahidi bado unajadiliwa. Lakini mzee anayesema “nasikia sauti, maneno siyapati” hastahili kuambiwa kwamba hana tatizo kwa sababu chati yake inapendeza. Amesema kitu sahihi kabisa kuhusu sikio lake, na kipimo chetu ndicho kisichouliza swali hilo.

Vifaa navyo vina la kujibu. Kifaa cha kusikilizia hukuza sauti ndogo na kuzibana kubwa, na kikifanya hivyo kwa kasi, huyainua mabonde ya kelele na kuvishusha vilele vyake. Michael Stone na Brian Moore walionyesha madhara mengine yasiyoonekana kwa urahisi: kwa kuwa kifaa kinabadili ukuzaji wake kwa msemaji na kelele kwa mkupuo mmoja, sauti hizo mbili, zilizokuwa na mienendo tofauti, zinaanza kuonyesha mwendo wa pamoja ambao hazikuwa nao. Ule ushahidi ambao ubongo ungeutumia kuzitenganisha umechafuliwa kabla haujafika. Kwa waliopandikizwa kifaa ndani ya koklea, huduma ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2017, kizuizi ni kingine. Elektrodi 12 hadi 22 zinafanya kazi ya maelfu ya seli, na vichujio vinavyopatikana ni vipana. Wengi wao huelewa usemi vizuri kwenye ukimya, na kelele yenye mapengo haiwapi nafuu wanayopata wengine. Ndugu na walimu wao wanapaswa kuelezwa hilo mapema, waache kudhani kwamba mtoto ni mzembe.

Kipimo kinachofaa kipo, na si ghali. Waholanzi, wakiongozwa na Cas Smits, walianzisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kipimo cha kupitia simu: unasikia nambari tatu ndani ya kelele, unazibonyeza kwenye simu yako, kelele inaongezwa au kupunguzwa kulingana na majibu yako, na kwa dakika chache kizingiti chako kinajulikana. Afrika Kusini ilipata chake cha simu ya mkononi mwaka 2016. Mwaka 2007 Smits na Tammo Houtgast walijaribu kelele za aina mbalimbali, na kelele iliyokatwa mara 16 kwa sekunde iliwatenganisha wenye upungufu na wasio nao vizuri kuliko kelele iliyotulia, kwa sababu hiyohiyo ya mapengo.

Kiswahili kinakifaa kipimo hiki kuliko lugha nyingi. Waholanzi waliziacha nambari mbili kwenye toleo lao la kwanza kwa kuwa zina silabi mbili na nyingine zina moja. Kwetu kuanzia moja hadi tisa zote zina silabi mbili, hata nne, ambayo “n” yake ya kwanza ni silabi kamili na ndiyo inayobeba mkazo. Nambari hizo anazijua mtoto wa darasa la kwanza na bibi asiyesoma, Lamu, Kigoma na Bukavu. Tatizo moja linaloonekana mapema ni nne na nane, zinazokaribiana mno ndani ya kelele, na itabidi ama moja iachwe ama zote mbili zipimwe kwa makini na kusawazishwa nguvu. Kelele yenyewe ipewe umbo la frikwensi la usemi wa Kiswahili, na ziwepo mbili, moja iliyotulia na moja iliyokatwakatwa, maana tofauti kati ya vizingiti hivyo viwili ndiyo inayotuonyesha kama sikio bado linaweza kuitumia kelele inapokupwa. Studio ya redio, mtaalamu wa fonetiki na mtaalamu wa usikivu wanatosha kuianza kazi hiyo, na wa kwanza kupimwa wawe mafundi wa kuchomelea vyuma, wasagaji wa nafaka, makonda, na watoto wenye historia ya masikio kutoka usaha.